Ruhusa Kabla ya Ukuta

Anayetaka kuujua mji wa Butembo asipoteze muda wake kwenye makanisa wala kwenye maghala ya wafanyabiashara. Atazame kuta. Mtaa kwa mtaa ataona namba zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, kwa brashi pana, na mkono ambao ningeupa mbili kwa kumi kama ungekuwa wa mwanafunzi wangu. Juu ya namba kuna neno ARRÊT, yaani simamisha kazi, na chini yake kuna tarehe. Kazi haisimami. Sijapata kuona ukuta uliosimamishwa na neno hilo. Mwenye nyumba huendelea kujenga, huezeka, huhamia, na siku ya komunio ya mtoto wake hupaka chokaa juu ya ile namba. Baada ya mvua mbili namba huchungulia tena, na hakuna anayeijali.

Kwetu ruhusa ya kujenga huanzia hapo. Unajenga kwanza. Mtu wa ofisi ya ujenzi anapita, anakuta ukuta, anaupaka namba. Unaipeleka namba yako ofisini, wanakufungulia faili, mnavutana, mnapatana, na baada ya miezi kadhaa unapewa karatasi yenye mihuri mitatu inayokuruhusu kuanza kujenga nyumba ambayo mabati yake yameshashika kutu. Hiyo wanaiita kuregularize. Wanalitamka neno hilo taratibu na kwa heshima, utadhani ni moja ya sakramenti.

Mimi ni mwalimu wa uraia katika shule ya sekondari. Kwa miaka kumi na tisa nimewaambia watoto wa watu kwamba sheria hutangulia na tendo hufuata. Basi ilipofika zamu yangu ya kujenga, nilienda kuomba ruhusa kabla ya kuweka hata tofali moja. Sijui kama kuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo katika mji huu. Kama yupo, aje tukae pamoja siku moja tuchekane.

Nyumba ilikuwa ya mama.

Mama alitufikia akikimbia vita upande wa Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, nyuma ya pikipiki, akiwa na sufuria mbili na kuku mmoja aliyekuwa amekufa njiani. Shamba la kakao lilibaki kule. Kaburi la baba lilibaki. Nyumba sijui kama ilibaki. Mimi nilikuwa nimepanga vyumba viwili pamoja na mke wangu na watoto watano, kwa hiyo dada yangu, ambaye ni mkubwa wangu na anauza vitenge nyumbani kwake, ndiye aliyempokea. Akampa sebule.

Kupewa sebule maana yake ni hii. Kila alfajiri mama alikunja godoro lake, akalifunga kwa kamba, akalisimamisha pembeni kabla mteja wa kwanza hajaja kuchagua kitambaa. Jioni alikaa kwenye kigoda akingoja wageni wamalize habari zao na televisheni yao, ndipo alifungue tena. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Lakini alikuwa mwanamke aliyezoea kufunga mlango wake mwenyewe tangu alipoolewa, na sasa usingizi wake ulitegemea adabu za wateja wa vitenge.

Pesa kidogo aliyookoa kutoka mavuno yake ya mwisho ya kakao hakunipa mimi ya kujengea. Alikwenda kwa seremala akanunua mlango. Mlango mzima, wa mbao nyekundu ngumu ya msitu wa upande wa Beni, wenye bawaba na kitasa. Wanaume wawili waliubeba hadi kwa dada yangu, na dada yangu akashika kiuno akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, mulango unatangulia nyumba? Utaufungia wapi?"

"Nyumba njo mulango," mama akamjibu, yaani mlango ndio nyumba. "Yote ingine ni matofali tu."

Akaagiza wausimamishe kwenye kona ya sebule, umeegemea ukuta, na nyuma yake akaweka godoro. Tangu siku hiyo akawa analala nyuma ya mlango wake, mlango ambao haukuingia popote. Wakati mwingine nilimkuta anaupangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ili wadudu wasiukaribie.

Kiwanja nilikuwa nacho, mlimani, pembeni mwa mikaratusi ya jirani, kimeandikwa kwa jina langu bila ubishi. Matofali nilikuwa nimeshayachoma palepale, rundo refu kuliko mimi, nikalifunika kwa mabati ya zamani. Kilichobaki kilikuwa kuanza. Mtu mwingine yeyote wa Butembo angeanza Jumamosi asubuhi, siku ambayo ofisi imefungwa, na Jumatatu ukuta ungekuwa magotini. Mimi nilivaa koti nikaenda ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza moja na watu watatu. Faili zilifungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, zikapangwa sakafuni kufuata ukuta hadi mlangoni, na za chini zilikuwa zimelowa. Mmoja wa wale watatu alikuwa hajaanza kulipwa mshahara na alikuja kazini na kiti chake mwenyewe cha plastiki; jioni alirudi nacho nyumbani kichwani. Niliwadharau kabla sijaketi. Nilikuwa nimejiandaa kuombwa kitu kidogo, na hotuba ya kukataa ilikuwa tayari kinywani, yenye vifungu vya sheria na sentensi moja ya kuumiza mwishoni.

Hakuna aliyeniomba kitu.

"Numéro?" aliuliza yule mwenye daftari kubwa, bila kuinua kichwa.

"Numéro ya nini, chef?"

"Ya ku ukuta."

"Sina ukuta. Niko naomba ruhusa kwanza, njo nijenge."

Akainua kichwa. Wenzake pia wakainua.

"Haujajenga?"

"Hapana."

"Hata fondation, musingi?"

"Hata fondation."

"Sasa unaomba ruhusa ya nini?"

Aliuliza kwa moyo safi kabisa. Hilo ndilo lililoniudhi. Akanigeuzia daftari nione mwenyewe: mistari, majina, na mkono wa kushoto safu ya namba nyekundu zilizonakiliwa kutoka kwenye kuta za mji. "Ona, mwalimu. Kila kitu inaanzia ku hii colonne. Bila numéro, page haifunguke." Nikamwonyesha sheria, niliyoipiga chapa na kuipigia mstari. Akaisoma yote, akakubali kwamba ni sheria nzuri, akanirudishia.

Alhamisi iliyofuata yule mwenye daftari alikuja kiwanjani mwenyewe. Alikuja kwa miguu, kopo la rangi likining'inia kidoleni kwa waya, brashi mfukoni, futi ya kupimia shingoni. Tangu siku hiyo moyoni mwangu sikumwita kwa jina lake. Nilimwita Mwenye Brashi. Alizunguka kiwanja mara mbili. Akagusa matofali, akayasifu. Akasimama katikati, mahali nilipokuwa nimechomeka vijiti vya kuonyesha chumba cha mama, akatazama juu na chini.

"Ninapashwa kupima hauteur," akasema, yaani kimo cha ukuta. "Hauteur ya nini? Ya hewa?"

"Andika sifuri."

"Na numéro nitapaka wapi? Ku mti?"

Nikamwambia kwa kejeli apake kwenye rundo la matofali. Akalifikiria jambo hilo kwa dhati, kichwa kimeinama upande mmoja, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Matofali inatembea. Ukuta hautembei."

Alipomaliza kutafakari aliniita pembeni, ingawa tulikuwa wawili tu mlima mzima, akanipa shauri. "Mwalimu, sikia. Weka tu mistari tatu ya matofali. Samedi, siku ofisi inafungwa. Lundi ikifunguliwa minapita, minakusimamisha, minakupatia numéro. Juma moja tu, dossier inafunguka. Batu bote banafanya vile."

"Donc nivunje sheria, ili munipe ruhusa ya kuifuata?"

"Njo vile," akasema, kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye ameeleweka.

Nilimpa somo. Nilimpa somo refu la uraia, lile la mwaka wa tano, na mifano yake. Alinisikiliza huku akisafisha kucha kwa ncha ya brashi, akaniaga vizuri, akashuka mlima na kopo lake. Nilimtazama mgongo wake nikafikiri: hawa ndio watu wanaotutawala, watu wasioweza kuona nyumba mpaka iwe imewaangukia.

Nilipomweleza mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Aliendelea kuchambua.

"Mistari tatu ni kazi ya siku ngapi?"

"Asubuhi moja, mama."

"Na weye umekatala."

"Mama, ni sheria. Tukianza vibaya..."

"Sheria inalala wapi?"

Sikuelewa. Akarudia taratibu, bila hasira. "Minakuuliza. Sheria inalala wapi? Juu miye, minalala ku salon ya batu."

Nilimjibu jinsi ninavyowajibu wanafunzi wagumu, kwa sauti ya chini na maneno marefu. Nilimwambia kwamba nchi hii imeharibika kwa sababu kila mtu huanza na mistari mitatu. Nilisema kwamba lazima awepo mtu mmoja. Alitupa kijiwe kidogo alichokiona kwenye maharagwe, akasema sawa.

Nikaandika barua. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mdomo, barabarani: hawana neno, wanangoja namba. Ya tatu niliisoma darasani kama mfano wa raia mwema, na darasa likacheka, lakini si mahali nilipotaka licheke. Wakati huo wote sikuweka tofali. Nilianza hata kufurahia. Jioni, mwalimu mwenzangu akiniuliza habari za nyumba, nilikuwa na kisa kipya cha ujinga wao, na nilikisimulia vizuri. Nilijulikana kwa visa hivyo. Watu walisogeza viti.

Hatimaye waliniambia sahihi kubwa iko Beni. Nilikwenda siku ya mapumziko ya shule, nimevaa koti lile lile, barua ya nne katika bahasha. Nilishuka kwenye gari nikaulizia njia, nikapelekwa kwenye nyumba nzuri ya kupanga yenye maua ukutani karibu na lango. Nikasogea kuyatazama yale maua. Chini yake, kwa rangi nyekundu iliyopauka, palikuwa na neno ARRÊT, na namba, na tarehe. Ofisi iliyokuwa na sahihi ya mwisho ya ruhusa za kujenga ilikuwa imepanga ndani ya nyumba isiyo na ruhusa.

Nilicheka peke yangu pale langoni mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko mzima. Katika miaka miwili ya mambo haya, sikuwa na siku ya furaha kuliko ile. Naona haya kuikumbuka.

Mkubwa wa pale alikuwa mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma barua yangu akiwa amesimama, kwa sauti, kisha akawaita makarani wake wawili waje wasikie sentensi ya tatu. "Kifaransa ya hivi," akawaambia, "banafundishaka wapi sasa? Nyinyi munaandika kama batu ba soko." Akaniuliza nilisoma wapi. Tukamkumbuka pamoja padri mmoja mkali aliyetupiga sote, kila mmoja kwa mwaka wake. Kisha akatoa muhuri, akapiga kwenye barua neno VU, maana yake nimeona.

"Na numéro?" akauliza, akinirudishia.

Nilirudi Butembo na barua iliyoonwa. Niseme ukweli: njiani nilikuwa na majivuno. Mtu mkubwa alikuwa amenisoma kwa sauti. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama nikamwonyesha ule muhuri.

"Alisoma barua yote?" mama akauliza.

"Yote, mama. Akiwa amesimama."

"Na nyumba?"

Nikaanza kueleza. Alinisubiri nimalize, akanikunjia barua vizuri, akanirudishia mkononi. "Wasingya, mwanangu," akasema, asante ya Kinande, ile unayomwambia mtu aliyekuletea kitu usichokihitaji lakini ametembea mbali.

Mvua za mwaka wa pili zikaja. Matofali yakaota ukungu wa kijani upande wa chini. Mwenye Brashi alipita mara kwa mara barabara ya chini ya kiwanja changu, akapaza sauti: "Mwalimu, ukuta?" Nami nikamjibu kwamba hakuna ukuta. "Bon courage!" akasema, yaani jipe moyo, akaendelea na kopo lake. Nilidhani ananidhihaki. Sasa nadhani hapana. Nadhani alikuwa ananingoja kwelikweli.

Kuna siku moja ambayo sijaisimulia kwa walimu wenzangu. Ilikuwa Jumamosi. Nilipanda kiwanjani kuangalia mabati kama upepo haujayafunua, nikamkuta mama na wamama wanne wa shirika lake la kanisani. Walikuwa wamevua viatu, wamefunga vitenge juu ya magoti, wana udongo kwenye beseni. Walikuwa wamepanga mstari mmoja wa matofali kufuata vijiti vyangu na nusu ya mstari wa pili. Umepinda kidogo, lakini ni ukuta. Waliponiona wakaweka matofali chini, isipokuwa mama.

"Tunabakisha kidogo tu," akasema. "Lundi ule mutu anapita. Weye hauko ndani. Miye njo nilivunja sheria. Waje banifunge."

Ningeweza kugeuka nikashuka. Hiyo tu ndiyo ilitakiwa kwangu, kugeuka. Badala yake nilivua koti, nikalitundika kwenye mti, nikayaondoa yale matofali moja baada ya jingine mbele yao, nikayafuta udongo, nikayarudisha kwenye rundo. Nilikuwa mtulivu sana. Nilijiona nafanya jambo kubwa. Mama alinawa mikono kwenye maji yaliyobaki, akavaa viatu vyake, akawageukia wenzake kana kwamba anawaomba radhi kwa niaba ya mgonjwa.

"Mwanangu alisoma sana," akawaambia.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nililisikia neno la mama kama sifa, kwa muda kidogo, mpaka nilipofika barabarani.

Mama alishikwa na kifua katika mwezi wa mvua nyingi. Tulimpeleka hospitali, wakamtibu, wakamrudisha, akashikwa tena. Sebuleni televisheni ilipunguzwa sauti, lakini wateja waliendelea kuja, kwani dada yangu angekula nini? Siku moja mama aliniita nyuma ya mlango wake, nikakaa chini sakafuni karibu na godoro.

"Munizike ku kiwanja," akasema. "Kule hakuna mutu ataniambia nikunje godoro."

Nilimwambia asiseme hivyo, kwamba nyumba iko karibu. Akanipapasa kichwa. Alikuwa hajanipapasa kichwa tangu nikiwa mdogo.

Alifariki saa nane mchana. Upande wa pili wa mlango kulikuwa na mteja aliyekuwa akiuliza kama kitenge cha maua ya bluu kinachuja rangi.

Tulimzika kiwanjani, mahali palepale pa vijiti vyangu, kwa sababu ndipo palipokuwa tambarare. Fundi alikuwa yule niliyemwahidi kazi ya kujenga nyumba. Alichukua matofali kwenye rundo, akayasugua ukungu, akajenga kaburi la kuta fupi pande zote nne, hadi kiunoni, akasimamisha nguzo nne na kuliezeka kwa yale mabati ya zamani, kama tunavyowafanyia wazazi wetu tukiwa na uwezo. Kazi ilikuwa ya siku mbili. Sikumwomba mtu yeyote ruhusa. Wala haikunijia akilini kuomba. Msalaba ulikuwa bado kwa seremala.

Jumatatu nilirudi shuleni. Alasiri nikapanda kiwanjani, na kutoka mbali niliona wekundu.

Ilikuwa ubavuni mwa kaburi, upande unaotazama barabara. ARRÊT. Namba. Tarehe ya siku ile. Rangi ilikuwa mbichi bado, imechuruzika chini hadi kwenye udongo. Kwa miaka miwili Mwenye Brashi alikuwa amekitazama kiwanja kile kila alipopita, na leo, mwishowe, ameona matofali mapya chini ya mabati. Alikuja mbio, naamini. Naamini alifurahi kwa ajili yangu.

Nilishuka kwenda ofisini ili nimpige. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani, lakini njiani nilikuwa nimeshakunja ngumi, na watu walinipisha. Niliingia bila kubisha. Akanyanyuka na tabasamu pana, mikono miwili mbele.

"Mwalimu! Félicitations, hongera! Umeanza!"

Daftari lilikuwa wazi mezani, kwenye ukurasa wenye jina langu. Namba ilikuwa imeshanakiliwa katika safu yake, kwa mwandiko ule ule mbaya.

"Ile ni kaburi ya mama," nikasema.

Yule wa kiti cha plastiki alitazama magoti yake. Mwenye Brashi alishusha mikono, akakaa, akanyanyuka tena. Macho yake yalijaa maji. Nilikuwa nimekuja kukutana na mpumbavu, na mbele yangu palikuwa na mtu aliyehuzunika. "Pole, mwalimu," akasema. "Pole sana. Sikuona musalaba." Akanipa kiti chake. Mmoja akatoka kuniletea maji. Tulikaa muda hivyo, watu wanne na faili zilizolowa, na ngumi yangu ilifunguka yenyewe.

Baada ya muda wa heshima kupita, akakohoa kidogo.

"Mais numéro imekwisha kuingia ku registre," akasema kwa upole, akigusa daftari. "Haiwezi kutoka."

Akanisogezea fomu aliyokuwa ameijaza asubuhi, akisimama barabarani. Nikaisoma. Aina ya jengo: matofali. Urefu wa ukuta: mita moja. Vyumba: kimoja. Madirisha: hakuna. Wakaaji: mmoja.

Chini kulikuwa na mahali pa sahihi ya mwombaji. Nilichukua kalamu nikaweka sahihi.

Ruhusa ilitoka kabla mwezi haujaisha, mihuri mitatu, pamoja na sahihi ya yule mzee wa Beni, ambaye aliandika pembeni kwa mkono wake kwamba anamsalimu mwalimu. Nilijenga nyumba hatua kumi kutoka kaburini. Vyumba vitatu, kama ilivyopangwa. Mlango wa mama umefungwa mbele, unafunga vizuri, na asubuhi ukiufungua unamtazama yeye moja kwa moja. Walimu wenzangu walikuja siku ya kuhamia. Wakanitaka niwasimulie kisa cha Beni, cha ile namba chini ya maua. Nilisema nimekisahau.

Juzi dada yangu alipanda na chupa ya petroli na matambara. Alikuja kufuta ile namba kaburini. Alisema amechoka kuiona kila anapokuja kuweka maua. Nikamshika mkono. Nilimweleza kwamba nyuma ya ruhusa, kifungu cha mwisho, kimeandikwa namba ibaki ikisomeka mpaka ukaguzi wa kumaliza kazi, na mkaguzi bado hajapita. Akifuta sasa, wanaweza kutubatilishia.

Dada yangu alinitazama. Niliujua mtazamo ule, kwa sababu ndio niliowatazama nao wale watu watatu siku ya kwanza, kabla sijaketi. Kisha akautoa mkono wake kwangu, akapiga magoti kwenye udongo, akalowesha tambara na kuanza kusugua.